Darubini ya Harlan Tackett

Ndugu zangu, habari hii ni ya nyumba moja tu, ya Harlan Tackett wa Bonde la Pigeon Lick, huku kwetu katika milima ya West Virginia. Ila mkimaliza kuisikia, kila mmoja ajiulize kama haifanani na nyumba nyingine anayoijua.

Asubuhi ya Jumapili moja ya Oktoba, jikoni kwa Tackett kulinukia kahawa na soseji. Darlene, mkewe Harlan, alikuwa akitoa mikate midogo ya moto kwenye tanuri huku akiimba kwa sauti ya chini. Nje majani yalikuwa yamewiva rangi, mekundu na ya dhahabu, na mwanga wa jua ulikuwa ukishuka bondeni polepole. Harlan alichukua birika, akamimina kahawa. Nusu ikaingia kikombeni, nusu ikamwagika mezani.

Darlene akaja na kitambaa, akafuta. Hakusema neno. Harlan naye hakusema neno. Maafa ninayotaka kuwasimulia yalianzia hapo hapo mezani, wala hayakuanzia msituni kama wengi wanavyodhani.

Harlan alikuwa na miaka sitini na mitatu. Kwa miaka thelathini alikuwa dereva wa greda la barabarani, na bonde zima lilimheshimu. Wengi wetu tunawinda kulungu kwa bunduki, lakini akina Tackett tangu zamani huwinda kwa bastola. Mwindaji wa bastola humnyemelea mnyama hadi hatua arobaini, akatumia risasi moja, na kama hana hakika hafyatui. Baba yake alimfundisha hivyo, naye alijivunia jambo hilo kuliko nyumba yake.

Lakini kwa miaka miwili, ncha ya kulengea iliyo mdomoni mwa bastola ilikuwa imegeuka donge la pamba machoni pake. Nyuso za watu zilikuwa na ukungu. Hakumwambia mtu. Hata wauguzi walipokuja kanisani kupima macho, alisimama kwenye foleni nyuma ya mama mmoja, akasikiliza herufi anazozisoma, akazikariri. Zamu yake ilipofika alizitaja zote bila kukosea. Muuguzi akampongeza. Harlan akarudi nyumbani akicheka moyoni, lakini usiku hakulala vizuri.

Basi akaona dawa yake ni darubini ya kufunga juu ya bastola. Akaenda dukani kwa Roscoe Prater, anayeuza silaha na vifaa vya uwindaji.

“Hii hapa ndiyo yako,” Prater akamwambia, akimwekea darubini ndogo kwenye kaunta. “Inakuza mara mbili tu. Au chukua hii yenye nukta nyekundu, haikuzi chochote, lakini macho yote mawili unayaacha wazi, unaona na kilicho pembeni.”

“Na ile kubwa?”

“Ile inakuza mara nane. Sikiliza, Harlan. Bunduki unaiegemeza begani, bastola unaishika mbali, mikono imenyooka. Ukikuza sana utaona kipande kama sahani ya chai, tena kila moyo ukipiga, hiyo sahani inaruka.”

“Nipe hiyo kubwa.”

“Kwani unawinda kulungu au unautafuta mwezi?”

Wazee wawili waliokuwa wakiota moto karibu na jiko wakacheka. Prater hakucheka. Akamtazama Harlan, akapunguza sauti. “Macho yako yakoje siku hizi?”

“Macho yangu yalikuwa yakiona kulungu wewe ukiwa bado unanyonya!”

Wazee wakaangua kicheko tena, safari hii Prater akiwa ndiye anayechekwa. Akaifunga darubini kwenye karatasi. Aliuliza mara moja, akajibiwa kwa utani, akaona yamekwisha. Nani kati yetu hajafanya hivyo?

Jumamosi iliyofuata Harlan alikwenda nyuma ya banda kujaribu, pamoja na shemeji yake Gaylen Mounts, ndugu wa Darlene, ambaye alikuwa akiwinda naye tangu ujana. Waliweka sahani ya karatasi hatua arobaini. Harlan akapiga risasi sita. Moja ikagusa ukingo, tano zikapotelea kwenye udongo.

“Upepo,” Harlan akasema.

“Upepo gani, shemeji? Hebu tazama moshi wa bomba la jiko lako, umesimama kama nguzo.” Gaylen alicheka, kisha akaacha. “Twende mjini kwa daktari wa macho. Nitakupeleka mwenyewe, na chakula cha mchana juu yangu.”

“Ukitaka kulea, nenda ukalee wajukuu zako.”

“Wajukuu wangu wanasikia, angalau.”

Darlene alikuwa ameshika komeo la mlango wa nyuma, akayasikia yote. Jioni ile alikuja akakaa mbele ya mumewe, akafungua kinywa aseme. Kisha akamwona alivyoinamisha kichwa, akamhurumia. “Nikukatie kipande cha pai ya tufaha?” akauliza. Harlan akasema ndiyo, na neno lililopaswa kusemwa likalala hapo.

Siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu ikafika, Jumatatu yenye baridi kali. Kabla ya kutoka, Darlene akamkumbusha darubini yake ya kuvaa shingoni, ile ya kutazamia tu.

“Mbili za nini?” Harlan akajibu. “Hii iliyo kwenye bastola inatosha.” Akaiacha imening’inia kwenye msumari.

Walikubaliana Gaylen akae juu kwenye ukingo, Harlan akae chini korongoni, na asiondoke mtu kabla ya saa sita mchana. Mnamo saa tatu mlio wa bunduki ulisikika juu. Gaylen alikuwa amempiga dume, lakini mnyama hakuanguka, akakimbilia chini. Mwindaji mwenye utu hamwachi mnyama afe kwa mateso. Gaylen akafuata damu kwenye majani, hatua kwa hatua, kichwa kimeinama, amevaa fulana na kofia za rangi ya chungwa kama sheria inavyotaka ili mwindaji aonekane. Alimwita Harlan mara mbili akiwa bado juu, lakini kijito kilikuwa kinanguruma.

Harlan alisikia majani makavu yakivunjika karibu naye. Akaona kitu cha kahawia kikisogea nyuma ya vichaka. Akainua bastola ili atazame. Sikilizeni hapo, ndugu zangu: ili atazame tu. Kidole gumba, kwa mazoea ya miaka arobaini, kikavuta nyuma nyundo ya bastola, ikawa tayari kufyatuka.

Ndani ya darubini aliona ukungu unaotetemeka. Aliona kahawia, ambayo ilikuwa suruali ya Gaylen. Aliona matawi makavu, moyo wake ukayaita pembe. Rangi ya chungwa ilikuwa juu kidogo, nje ya ile sahani ndogo. Alitaka sana kitu kile kiwe kulungu. Akafyatua.

“Harlan! Harlan, ni mimi!”

Alikimbia, akaanguka, akainuka. Gaylen alikuwa chali, paja lake la kushoto limechanwa, uso mweupe kama majivu. Harlan akavua mkanda, akapiga magoti, mikono ikapapasa huku na huku.

“Ni wapi? Gaylen, damu inatokea wapi? Sioni!” Akalia kwa sauti. “Sioni, shemeji, sioni!”

Miaka miwili alikuwa amelificha neno hilo. Likamtoka hapo, akiwa amepiga magoti kwenye damu ya ndugu wa mkewe.

“Juu zaidi,” Gaylen akanong’ona, akaushika mkono wake na kuupeleka penyewe. “Hapa. Kaza. Kaza mpaka nipige kelele.”

Watu walifika, helikopta ya hospitali ikaja, uhai wa Gaylen ukaokolewa. Mguu haukuokolewa. Madaktari waliukata juu ya goti.

Askari wa wanyamapori aliandika yote, na Harlan hakuficha hata moja. Jaji alimzuia kuwinda kwa miaka mingi, lakini adhabu hiyo Harlan hakuihisi hata kidogo. Aliyoihisi ilikuwa ile ya wodini, siku ya tano baada ya ajali, aliporuhusiwa kumwona Gaylen.

“Nilikuwa nataka kutazama tu,” alisema, kofia mkononi.

“Najua,” Gaylen akajibu. “Ungekosea shabaha tu, ningekusamehe nikiwa nacheka. Lakini ulinitazama kwa silaha yenye risasi, Harlan, kwa sababu uliona aibu kutazamwa macho na daktari. Hilo nipe muda.”

Darlene alikuwa amesimama dirishani, akageuka akilia. “Na mimi je? Nimekuwa nikifuta kahawa mezani tangu masika. Nilijua, Gaylen. Nilinyamaza nikadhani ndiyo mapenzi.”

Akafuta machozi kwa kiganja.

Mwezi wa Januari Harlan alikubali kwenda kwa daktari. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alimfanyia upasuaji wa jicho moja, halafu la pili, na kila moja halikuchukua hata nusu saa. Aliporudi nyumbani alisimama uani, akaona gome la kila mti, ndege juu ya waya, mikunjo ya mikono yake. Akakaa kwenye ngazi akalia kama mtu aliyefiwa. Nusu saa!

Mwezi wa Machi Gaylen alikuja kuwatembelea kwa mara ya kwanza, na mguu wa bandia. Harlan alishuka kumsaidia, Gaylen akakataa mkono wake, akapanda mwenyewe. Ngazi zilikuwa nne. Kwa kila ngazi Harlan aliona jinsi shemeji yake anavyouma meno, jasho linavyomtoka kwenye paji la uso, na jinsi anavyojitahidi asionyeshe. Aliyaona yote wazi, bila ukungu wowote.

Funzo

Ndugu zangu, mwili kuchakaa si aibu. Aibu ni kuuficha uchakavu huo mpaka mwingine aulipie. Kioo cha darubini, hata kiwe kikubwa namna gani, hakiponyi jicho, na silaha si chombo cha kutazamia: hakikisha kwanza ni nini, ndipo uinue mkono, na ukiwa na shaka ushushe. Nanyi mnaokaa na mtu kama Harlan, wake, waume, marafiki, wenye maduka, msiulize mara moja mkaridhika na jibu la utani. Ulizeni tena. Akikasirika, akasirike akiwa hajamwaga damu ya mtu.