Kipendezi Ndani ya Uwanjandani

Lusajo alivaa miwani, akabonyeza kitufe, na karakana yake ndogo ya mtaa wa Isevya, Tabora, ikageuka uwanja. Kuta zilipotea. Penye rafu ya vyuma chakavu palisimama mlingoti wenye pete, wachezaji wa mwanga wakaanza kukimbia, na mpira ukampita sikioni kwa kishindo. Hiyo ndiyo kazi ya uwanjandani, mashine ya michezo iliyokuwa karibu kila sebule mwaka 2091. Haikuzidi ukubwa wa mkate. Mchezaji alihitaji miwani na glavu nyembamba tu.

"Mbona nzima?" alisema akivua miwani. "Tatizo lake nini?"

"Mashine haina tatizo," alijibu Nyamizi, mama wa miaka sitini na mitatu. "Tatizo ni wifi yangu. Anadanganya."

Kalunde, mjane wa kaka yake Nyamizi, alikuwa ameketi mwisho wa benchi na begi miguuni. Hakugeuka.

Mawifi hao waliishi nyumba moja kwa miaka mitano, na kila alasiri walicheza mpira wa pete kwenye uwanjandani. Wakimaliza, kila mmoja alisema ameshinda. Mwanzoni walicheka. Lakini wiki iliyopita Nyamizi alimwita mwenzake mwongo mbele ya wageni, na Kalunde akafungasha nguo zake ahamie kwa binti yake Mwanza. Kabla ya kuondoka alitaka jambo moja: fundi aifungue mashine, ijulikane nani mwongo.

Lusajo alikata lakiri ya kiwanda, akalegeza skrubu sita na kuinua kifuniko. Alipuliza vumbi, akang'oa feni. Chini yake palikuwa na kadi nyembamba, ndogo kama ukucha, ambayo haikuwemo kwenye mchoro wa mashine. Aliiunganisha na kisomeo chake, akasoma kwa muda mrefu.

"Mafundi wanaiita kipendezi," alisema mwishowe. "Inasikiliza mapigo ya moyo kupitia glavu. Anayeshindwa huchukia na kuizima mashine, na kiwanda hakitaki izimwe. Kwa hiyo kila mtu anaonyeshwa mchezo wake, anaoshinda yeye. Mama Kalunde akirusha, kwenye miwani yake mpira unaingia. Kwenye miwani yako, mama, umeudaka."

"Miaka yote mitano?" Nyamizi aliuliza.

"Kila siku. Wote mlikuwa mkisema kweli."

Nyamizi aliinamisha kichwa. Kalunde ndiye aliyesema, polepole, "Basi hatujacheza pamoja hata mara moja. Tulikaa sebule moja, kila mtu peke yake."

Lusajo alishika koleo. Alichomoa kipendezi, akalehemu waya mahali pake, akarudisha feni na kifuniko.

"Sasa mtaona kitu kimoja," alisema. "Lakini nawaambia mapema, mmoja wenu atafungwa."

Walivaa miwani, wakasimama katikati ya karakana, wakicheza hewani huku fundi akiwaondolea viti njiani. Kalunde alifunga mabao kumi na tisa. Nyamizi alifunga sita.

Nyamizi alivua miwani, jasho likimtiririka.

"Wifi, kumbe unajua."

"Nilikwambia siku zote."

"Uliniambia. Nisamehe kwa lile neno. Usiende."

Kalunde alimtazama, kisha akaanza kucheka, na Nyamizi naye akashindwa kujizuia, mpaka wote wawili wakashikilia meza ya fundi.

"Yaani kumi na tatu zaidi," Nyamizi alisema alipopata pumzi. "Ninakosea wapi?"

"Unatazama mpira, hutazami pete. Na mkono unaupinda vibaya." Kalunde alisimama nyuma yake, akamshika kiwiko na kukiinua. "Hivi. Sasa nyoosha."

Mashine ilikuwa imezimwa tayari. Nyamizi alinyoosha mkono kuelekea dari, akarudia, na wifi yake akamsahihisha tena.