Sauti ya Besi ya Uwesu

Kila jioni baada ya masomo, bendi ya matarumbeta ya shule ilifanya mazoezi nyuma ya darasa la sita, mtaa wa Gongoni, Tabora. Advera alikuwa mpiga tarumbeta, lakini wiki hii yeye ndiye aliyepanga sauti.

Mdogo wake, Amon, alikuwa amevunjika mguu. Kutwa alilala nyumbani, mtaa wa Cheyo, akicheza gemu kwenye simu ya mama. Advera aliusikiliza muziki wa gemu ile, sauti moja moja, akauandika kwa solfa, do-re-mi, kwa kila ala: tarumbeta, tromboni, na besi, ile kubwa ya kukumbatia. Jumamosi bendi ingempigia Amon.

"Haya, tuanze!"

Matarumbeta yaliimba vizuri. Besi ikaenda pu-pu-pu, pu-pu-pu, kisha kimya. Uwesu, mpiga besi, alikuwa amekaa chini, kashika kichwa.

"Kizunguzungu," alisema.

"Uvivu tu!" Advera alifoka. "Kwenye simu besi haisimami."

"Basi simu ije ipulize. Mimi nina mapafu, dada, sina chaji." Wenzao wakacheka. Uwesu hakucheka. "Jumamosi sipigi."

Advera machozi yakamlengalenga. Bila besi hakuna wimbo.

Mwalimu Apolinaria, msimamizi wa bendi, alimpa Uwesu maji, kisha akamkabidhi Advera besi. "Ipige wewe, kama ulivyoiandika."

Mstari wa kwanza ulikwenda. Wa pili, masikio yakavuma. Wa tatu hakuufika.

"Hakuna pa kuvuta pumzi, mwalimu," alihema.

"Nani aliyepasahau?"

"Mimi."

"Njia ya misafara ilipita hapa hapa Tabora. Wapagazi walibeba pembe za ndovu, mali ya watu wengine, hadi pwani. Aliyewaita wavivu hakuwa na mzigo kichwani. Hatujasahau. Usiturudishie hayo kwenye bendi yangu."

Advera alimgeukia mwenzake. "Nisamehe, Uwesu."

Wakakaa pamoja. Uwesu alipuliza; pumzi ilipomwishia, Advera aliweka alama, na hapo tromboni ikampokea.

Jumamosi bendi ilimpigia Amon nyumbani kwao, naye alipiga makofi, mguu juu ya mto. "Hapo mwishoni ndipo ninapouawaga kwenye gemu! Wimbo mzuri kuliko wa simu!"

Advera akamtazama Uwesu, wakatabasamu.

"Ukimpa mtu kazi, mpe na pumzi," Mwalimu Apolinaria alisema. "Anayenyimwa pumzi si mvivu. Ameonewa."

"Rudieni!" Amon alipaza sauti.

Uwesu alikuwa tayari ameikumbatia besi.