Aliyempokea Mtoto

Safina aliona mtumbwi umeanza kulalia nyuma, na nyuma hapakuwa na mtu wala mzigo. Tharsisi, mwenye mtumbwi, alisimama mbele akisukuma kwa pondo. Safina aliketi katikati, amempakata mwanawe Firdausi, aliyekuwa akiwaka homa tangu juzi na hafumbui macho. Masika yale ya 2014 Malagarasi ilikuwa imefurika, haivukiki, ndiyo maana wakapita mkono huu mwembamba wa mto uliojificha ndani ya mafunjo, usiofikiwa na upepo. Ng'ambo bodaboda iliwasubiri, iwakimbize hospitali Kasulu. Safina roho ilikuwa juu.

"Kaka Tharsisi, mbona tunaelemea?"

"Nyamaza, dada," akanong'ona bila kugeuka. "Tunakaribia kutoka."

Hapo ndipo harufu ya udi ilipowafikia. Udi, jamani, katikati ya matope! Vyura wakanyamaza ghafla, na nyuma yake Safina akasikia bangili zikigongana, mtu akijiweka sawa kitako, pumzi ya baridi ikimpuliza shingoni, ikisogea, ikisogea, naye akambana mtoto kifuani huku akisoma kila aya aliyofundishwa madrasa na kuzichanganya zote.

"Pole, mwanangu," ikasema sauti ya mama mtu mzima, ya upole mno. "Umechoka. Lete nikupokee."

Nani kwetu hajaambiwa hivyo njiani? Mdomo ukajibu kabla akili haijafika.

"Asante, mama."

Mikono ikawa mitupu. Kufumba na kufumbua, uzito ukarudi.

"Umemjibu?" Tharsisi akageuka. "Mungu wangu, dada, umemjibu!" Akasukuma pondo kama mwehu mpaka wakagonga ukingo.

Hospitalini nesi alimpima mtoto, akatabasamu. Homa hakuna, mzima kabisa.

Safina akamtazama. Sura ya Firdausi, kidevu cha Firdausi, lakini ngozi baridi kama mtungi, na macho hayapepesi.

"Huyu siye," alimwambia Tharsisi, aliyewasindikiza hadi huko, wakiwa nje, akilia. "Wangu nimemtoa mwenyewe."

"Ego, ndiyo, najua. Usimnyonyeshe. Tumrudishe na njaa yake, mwenyewe wa mtoni atamfuata na wako atakupa. Akishaonja maziwa yako, basi tena, wako harudi."

Mtoto akaanza kulia. Alilia kwa sauti ya Firdausi, ile ile ya kumwamsha alfajiri anyonye. Safina alimwogopa, alimchukia, akaziba masikio. Maziwa yakamtoka yenyewe, yakalowesha kanga.

"Dada, usifanye hivyo!"

Akamfunulia ziwa.