Saa Nane za Kapteni

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla hata chai haijachemka, nyumba ile ilikuwa na kelele za watu watatu: mapacha wa miezi miwili, na dada yao Chiriku. Mapacha walilia kwa zamu kama walinzi. Mmoja akichoka, mwenzake anapokea lindo. Chiriku hakuwa na zamu. Aliongea mfululizo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa na shangazi yake, aliyesema mtoto huyu akinyamaza, ujue kalala au ana homa.

Baba yao alikuwa rubani. Alirusha ndege ndogo ya viti kumi na viwili, ile inayopeleka wauguzi, dawa na barua kwenye viwanja vya vumbi ambako gari hufika kwa kusuasua. Mtaa mzima ulimwita Kapteni, hata muuza mkaa, ambaye kila asubuhi alimpigia saluti kwa mkono mweusi tii.

Kabla ya kutoka nyumbani, kila rubani alitakiwa kujaza fomu kwenye simu yake. Una homa? Umekunywa dawa yoyote? Umelala kwa saa ngapi? Ukiandika sita au zaidi, simu inalia ting! na alama ya kijani inatokea: ruhusa ya kuruka. Chini ya sita ni nyekundu, na siku hiyo huruki.

Sasa, Mama alikuwa amejifungua kwa upasuaji na kidonda bado kilimtesa, kwa hiyo aliyebeba mapacha usiku ni Baba. Asubuhi mikono yake ilikuwa imejaa watoto. Basi akampa Chiriku simu, akampa na neno lake la siri.

"Nijazie, mwanangu. Nikikwambia tano, andika tano."

Chiriku aliandika tano. Nyekundu. Hazikupita dakika mbili, Mkuu wa Safari akapiga, na sauti yake ikasikika hadi jikoni.

"Kapteni, tano tena? Mwenzako mmoja kaacha kazi, mwingine yuko likizo. Ndege nimpe nani, mfagizi?"

"Nakuelewa, Mkuu. Nakuelewa," alisema Baba. Kisha akakaa sebuleni na sare yake siku nzima, kama mgeni aliyekosea nyumba. Chiriku hakupenda kumwona vile.

Jumatatu iliyofuata Baba alikuwa bafuni ananyoa ndevu, Chiriku yuko mlangoni na simu.

"Baba, umelala saa ngapi?"

"Saa nane!"

Chiriku akaruka kwa furaha. Akaandika nane. Ting! Kijani.

Mambo yaligeuka mezani. Baba alimimina chai kwenye sahani badala ya kikombe, akajicheka. "Nimefumba macho saa nane usiku," akamwambia Mama. "Saa kumi huyu bwana mdogo kaniamsha nimbebe."

Chiriku alihesabu. Kutoka saa nane hadi saa kumi. Mbili! Akafungua mdomo. Lakini Baba alikuwa ameshaokota simu, anaitazama ile alama ya kijani kwa mshangao.

"Wamekubali?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Chiriku, ambaye aliwahi kumsimulia mwalimu wa zamu kisa kizima cha kuku wa jirani bila kuulizwa, aliuona ulimi mzito kama jiwe la kusagia.

"Wamekubali, Baba."

"Na usingizi wa saa mbili? Kweli marubani wamekwisha." Baba akavaa kofia yake. "Haya. Kama wameiona namba na wameridhika, mimi ni nani? Wao ndio wanaojua mipaka."

Kosa la Jumatatu lilikuwa la sikio. Kosa la Jumanne lilikuwa la Chiriku mwenyewe. Baba alisema nne, yeye akaandika nane. Jumatano Baba alisema tatu; nane. Simu ya Mkuu haikulia tena. Baba alikwenda kazini kama watu wengine, na Chiriku akajiona ametenda wema. Kila mtu alimwachia mwenzake kuwa macho: Baba alidhani ofisi inajua, ofisi ilidhani Baba amelala, na aliyeujua ukweli wote alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita.

Siku ya tisa, ndege ikiwa inatua, Baba alisinzia. Haikuwa kwa muda mrefu. Ni kama muda wa kupiga chafya mara mbili. Rubani msaidizi alipiga kelele na kushika usukani, lakini ndege ilikuwa imekwisha kupita mahali pa kugusa ardhi. Ilitua katikati ya uwanja, ikakosa nafasi ya kusimama, ikatumbukia mtaroni. Abiria walitoka na michubuko. Baba alitoka na mkono ulioteguka. Rubani msaidizi alibebwa. Goti lake la kulia lilikuwa limesagika.

Chiriku alizoea kumwita rubani huyo msaidizi Dada Rubani. Alikuwa msichana mcheshi, na huo ulikuwa mwaka wake wa kwanza angani.

Wakaguzi walipomhoji Baba, hakuficha. "Usiku ule nililala saa tatu tu, na fomu yangu ilisema hivyo. Ofisi iliniruhusu."

"Kapteni, sisi tunasoma nane. Siku tisa, nane tupu."

"Basi kuna mtu kazibadilisha namba!"

Maneno hayo yaliwasha moto. Kama Baba ndiye aliyeandika nane, ni mwongo, na leseni imekwenda. Kama si yeye, basi mdukuzi ameingia kwenye mitambo ya kampuni, na mwenye funguo za mitambo hiyo alikuwa mmoja tu, fundi kompyuta. Siku hiyohiyo fundi kompyuta akasimamishwa kazi. Alipita mbele ya nyumba yao akiwa amekumbatia boksi la vitu vyake, na Chiriku alipomwamkia, hakuitikia.

Shuleni habari ilikuwa imefika kabla ya kengele.

"Mdukuzi ni mtu wa namna gani?" aliuliza Chiriku kwa sauti ndogo.

"Hujui? Anavaa kofia ya kufunika uso," alisema jirani yake wa dawati, ambaye alijua kila kitu isipokuwa hesabu. "Hali, halali, ana kompyuta tatu. Wakimkamata, hatoki tena! Mbona kimya leo? Umemeza mfupa?"

Chiriku alitazama soksi zake, moja ya bluu na moja ya kijivu. Jioni alikataa chakula. Mama akampima homa, hakuikuta.

Jumamosi mtaalamu wa usalama wa mitandao alikuja nyumbani. Chiriku alitarajia mtu wa kutisha. Alikuja mama wa makamo mwenye pochi kubwa, akaitafuta miwani yake pochini kote, kumbe iko juu ya paji la uso. Aliomba simu ya Baba, akaikagua polepole kama mtu anayechambua mchele.

"Nimepekua mitambo siku nne," alisema. "Hakuna mlango uliovunjwa wala dirisha lililochunguliwa. Fomu zote zimejazwa na simu hii, kwa neno la siri la Kapteni, saa kumi na mbili na dakika chache asubuhi. Mdukuzi wangu anaamka mapema, na analala humu ndani."

"Unaniita mwongo mbele ya wanangu?" Baba alisimama.

"Simwiti mtu. Nasoma namba."

"Ni mimi," alisema Chiriku.

Hata mapacha walinyamaza, ingawa hao labda walikuwa wanabadilishana zamu tu.

Baba alimtazama, halafu akajipiga paji la uso. "Saa nane! Jumatatu ile niko bafuni nilisema saa nane, nikimaanisha saa ya ukutani!"

Mama alilidaka neno hilo kama mtu anayezama. "Ndiyo! Mtoto kasikia vibaya. Ni kutoelewana tu, si kosa la mtu. Si ndivyo, Chiriku?"

Wote watatu walimgeukia. Alitakiwa kuitikia kwa kichwa tu. Baba asingeitwa mwongo, yeye asingeitwa mdukuzi, na kosa lote lingebebwa na lugha, ambayo haina leseni ya kunyang'anywa.

"Jumatatu nilisikia vibaya," alisema. "Siku nyingine zote nilisikia vizuri. Baba alisema nne, alisema tatu. Mimi niliandika nane ili wasimgombeze. Na akaniuliza kama wamekubali, nikasema wamekubali."

Mtaalamu alivua miwani. "Kapteni, mwaka mzima nimeimarisha mlango ule. Ufunguo umeutoa wewe mwenyewe, tena kwa mtoto. Kompyuta haioni macho mekundu. Inaamini inachoambiwa na yeyote mwenye neno la siri."

Baba aliketi. "Mwili wangu ulikuwa unaniambia nyekundu," alisema taratibu. "Mimi nikaamini simu."

Fundi kompyuta alirudishwa kazini. Mkuu wa Safari alipewa onyo, na tangu hapo marubani hujaza fomu ofisini, mbele ya muuguzi anayewatazama usoni, na mwenye nyekundu hagombezwi. Baba hakuitwa mwongo. Lakini leseni yake ilichukuliwa, kwa kutoa neno lake la siri na kwa kurusha ndege akijua mwili umekataa. Sare ilikunjwa ikawekwa sandukuni. Muuza mkaa aliendelea kumpigia saluti, na Baba akaanza kupita njia ya nyuma.

Wiki tatu baadaye Chiriku alikwenda hospitali kumweleza Dada Rubani kwa mdomo wake. Alieleza yote, toka bafuni mpaka mtaroni. Dada Rubani alisikiliza huku akitazama dari.

"Nisamehe, dada."

"Sitakwambia si kitu, Chiriku, maana ni kitu. Daktari kasema sitaruka tena. Unajua ungeandika tatu siku ile, ingekuwaje? Safari ingefutwa. Ningenuna. Ningekunja uso kutwa nzima, nimseme na baba yako." Akamgeukia. "Ningenuna, mdogo wangu. Kununa kunapona."

Chiriku alilia. Hakubembelezwa, wala hakufukuzwa.

"Ulimpenda baba yako, najua," aliendelea Dada Rubani. "Lakini uongo wa huruma hauna breki. Ukweli unaudhi watu asubuhi, jioni unawarudisha kwao. Na ufunguo wa mwenzio, hata akikupa kwa mikono miwili, mrudishie."

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliingia na kipimapembe kikubwa kama cha mwalimu wa hesabu. Mikono yake ilihitaji kushika mguu, kwa hiyo akampa Chiriku daftari na kalamu.

"Nikikunja goti, soma unachoona, uandike."

Alikunja. Dada Rubani aliuma mto. Chiriku alisogea, akasoma, akasoma tena.

"Nyuzi kumi na mbili," alisema.

"Wiki iliyopita ilikuwa ngapi?"

Chiriku alitazama mstari wa juu. Alitamani sana kusema nane, saba, namba yoyote iliyo chini ya hapo, ili ya leo ionekane imepanda.

"Kumi na mbili."

"Na wiki ya kabla yake?" aliuliza Dada Rubani, macho kafumba.

"Kumi na mbili, dada."

"Andika."

Chiriku aliandika kumi na mbili.