Sikio la Kushoto la Aurelia

Gaspari aliingia kwenye mashine ya kusaga ya Mfaranyaki Jumamosi, saa nne asubuhi, akiwa amevaa shati jeupe. Mtu mwenye akili haendi mashineni na shati jeupe, lakini huyu alikuwa na shahada mbili. Foleni ya madebe ya mahindi ilifika barabarani, bodaboda zinapiga honi, na yeye kasimama katikati, kitambulisho kinaning'inia kifuani, anahutubia. Hakuna aliyemsikia. Alikuwa amekuja Songea kutafiti jinsi kelele za mashine zinavyoharibu masikio.

Aurelia, mwendesha mashine, kanga ya njano kichwani na unga mpaka kwenye kope, alizima mota.

"Kaka, unasaga au unaombea watu?"

Foleni ikacheka. Gaspari akamtazama, na utafiti wote ukamtoka kichwani.

"Natafuta watu wa kuwapima masikio."

"Yangu mazima." Akageuza kichwa, hereni ikacheza. "Umeyaona?"

"Nimeyaona. Mazuri sana."

"Basi umeshapima. Pisha wenye mahindi."

Hata hivyo Jumatatu alikwenda kwenye chumba cha utafiti, na gauni la kitenge cha bluu na viatu vya kuchuchumia. Akawa mshiriki namba kumi na tisa. Utaratibu unataka anayepimwa ampe mpimaji mgongo. Bwana Gaspari akamvisha vipokea sauti vya masikioni, akamkalisha uso kwa uso, apate kumwangalia vizuri. Kila alipobonyeza mashine yake kutoa mlio, Aurelia naye alibonyeza kitufe. Sikio la kulia safi, la kushoto safi.

"Miaka kumi na moja mashineni, na unasikia kama mtoto!"

"Si nilikwambia?"

Kumbe sikio la kushoto, lile lililoelekea mota, halikusikia kitu. Ila mashineni watu huongea kwa mikono, na Aurelia alikisoma kidole cha Gaspari kama anavyousoma mkono wa mteja anayetaka dona. Alidanganya kwa sababu alikuwa ameshampenda, na aliamini hakuna mwanamume anayechumbia kiziwi. Akijua, ataondoka.

Wakapendana. Jioni walitembea mjini, Gaspari daima upande wa kushoto, akinong'ona mambo matamu ambayo hayakufika popote. Mtaalamu mzima hakushtuka. Alinuna.

"Nimekupigia simu mara sita, mpenzi!"

"Nilikuwa nasaga. Sikusikia ikiita."

"Na jana je? Nakueleza ya moyoni, unatazama magari. Una mtu?"

Angeweza kusema ukweli pale pale. Hofu na kiburi vikamziba mdomo.

"Ninao wawili," akasema. "Nenda zako."

Akaenda. Huyu ndiye aliyetumwa Ruvuma kutambua watu wasiosikia.

Wiki tatu baadaye Dokta Pamela, msimamizi wake, alimpigia.

"Gaspari, wafanyakazi wote wa mashine wameharibika masikio, isipokuwa namba kumi na tisa. Alikaa vipi?"

"Alikaa... akinitazama, Dokta."

"Akikutazama? Kwa nini?"

Gaspari alikohoa.

"Sihitaji kujua. Mpime upya. Mgongo!"

Alikata simu, na Gaspari akabaki ameishika. Zile simu zisizopokelewa, zile jioni za kununa, vyote vikamrudia kimoja kimoja. Aliona aibu, na ilimstahili.

Alipoitwa kupimwa tena, Aurelia alikuja kwa sababu alikuwa amemkumbuka, basi. Alipokiona kiti kimegeuziwa ukuta, akaelewa. Alikaa. Gaspari alipandisha mlio wa sikio la kushoto, akapandisha tena, kitufe kikakaa kimya. Akayaona mabega ya Aurelia yakitikisika. Akazunguka, akachuchumaa mbele yake.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wangu wa nne mashineni. Kwanza lilipiga mluzi usiku na mchana, halafu likafa."

"Mbona hukuniambia, kipenzi?"

"Miezi miwili umetembea upande huo, mtaalamu. Ulitaka nikuandikie barua?"

"Nitafuta majibu yako. Hakuna atakayejua."

"Futa yale ya uongo. Haya yaandike." Alijifuta machozi kwa kiganja. "Bosi anakataa kununua vifuniko vya masikio. Anawaambia wenzangu, mbona Aurelia alipimwa yuko mzima? Nimeusikia uongo wangu kwa hili moja lililobaki."

"Nitaandika pia kwamba mimi ndiye niliyekukalisha vibaya."

Lilikuwa neno lake la kwanza la maana tangu afike Songea. La pili alilisema ameinamisha kichwa.

"Unaongea na viatu vyako," Aurelia alisema. "Nitazame."

Akamtazama. "Nataka kukuoa. Hivyo hivyo ulivyo."

Aurelia alimwacha asubiri, kwa makusudi, mpaka jasho likamtoka.

"Nenda Peramiho ukamwambie mama. Ila paza sauti, Gaspari. Alisaga miaka ishirini kabla yangu, na hakuna mtu aliyekwenda kumpima."