Ua la Aliyeteleza

Ukuta wa sebuleni ndio ulioanza. Hita ilikuwa inawaka, watu wamekaa na fulana tu, lakini pale lilipotundikwa lile ua pakaganda barafu, na nyumba nzima ikanuka jiwe lililoloa.

Euphrasie alipewa ua hilo na bibi kizee Mzungu, ambaye yeye Euphrasie aliajiriwa kumtunza kule Saint Louis Park, huku ughaibuni, kabla bibi huyo hajafariki. Lilikuwa dogo, jeupe, lenye manyoya kama sikio la mwanakondoo, limekaushwa ndani ya fremu ya kioo.

"Kwenye milima ya kwetu," bibi alimwambia, "kijana hupanda majabali alichume, ampelekee msichana. Msichana akilivaa, amekubali kuolewa. Mchumba wa shangazi yangu aliteleza. Walimkuta bondeni, ua liko mkononi. Litazame tu, mama. Lisivaliwe."

Euphrasie hakumwambia binti yake, Rachelle. Jumamosi moja mchana, wakijiandaa kwenda harusini Brooklyn Park, msichana alifungua fremu, akalichomeka ua nywelini.

Kitu kikakwaruza ukuta kwa nje. Wao walikaa ghorofa ya tatu.

"Theluji hiyo inaporomoka," Euphrasie alisema.

"Theluji inashuka, Mama. Hii inapanda."

Euphrasie alipogeuka, aliliona ua limefunguka, bichi, linametameta umande. Akalivuta, halikutoka. Akampigia simu Mama Maombi, kiongozi wao wa sala, aliyeishi ghorofa ya chini, akamweleza habari ya ua. Mama Maombi akapanda mbio bila viatu, chupa ya mafuta mkononi, akakemea kwa jina la Yesu mpaka sauti ikakauka, na kila aliponyamaza kuvuta pumzi walisikia huko nje pumzi nyingine, nzito, ya mtu aliyechoka, na kucha zikitafuta pa kushika, karibu, karibu zaidi, huku Rachelle, midomo imembadilika rangi, akifungua dirisha lote na baridi ikiingia.

"Anashikilia kwa vidole tu," msichana alinong'ona. "Acheni nimvute."

"Mon Dieu, Mungu wangu! Mshike, Mama Rachelle!" Maombi alisema kwa sauti ya chini. "Huyu hakuvamia. Ameitikiwa. Binti amkatae mwenyewe."

"Ataanguka!" Rachelle akapaza sauti.

"Alishaanguka, mwanangu," Maombi alimwambia. "Zamani."

Vidole vinne vyeupe vikashika kizingiti cha dirisha.

Euphrasie akamkumbatia bintiye kiunoni kwa nguvu zote. "Sema, mama yangu. Nakuomba, sema."

Rachelle alilia. "Sikutaki," akasema. "Sikujua. Nisamehe. Sikutaki."

Ua likadondoka zuliani. Vidole vikaachia, kimoja kimoja, kisha ukelele wa kijana ukaanza kushuka, ukapita ghorofa ya pili, ukapita ya kwanza, ukapita theluji ya chini ambayo haikuvunjika hata kidogo, na wanawake wale watatu, wameshikana, wakangoja kishindo.

Hata Maombi alipofunga dirisha, sauti ilikuwa bado inashuka.