Doris Anyamazisha Mashine

Kila alipotoka shuleni, Doris alimkatia ng'ombe majani, akaoga, kisha akateremka na baba yake kutoka Uru hadi hospitalini, Moshi mjini. Mama yake alikuwa amelazwa wodi ya wagonjwa mahututi kwa homa ya mapafu.

Humo ndani mashine zililia bila kukoma. Moja ikinyamaza, nyingine inadakia. Mama hakuwa amepata usingizi wa maana tangu alazwe. Macho yalikuwa yamemwiva, maneno yamemchanganyika. Siku moja alimwita Doris kwa jina la bibi aliyekwisha kufa.

"Mwanangu," alinong'ona kesho yake chini ya barakoa ya oksijeni, "zinyamazishe. Zitaniua kabla ya ugonjwa."

Baba alikuwa nje na daktari. Wauguzi walikuwa wamemzunguka mgonjwa wa kitanda cha mwisho. Doris alikuwa amewaona mara nyingi wakibonyeza kitufe chenye picha ya kengele iliyokatwa mstari. Akakibonyeza kwenye mashine iliyokuwa kando ya mama. Kimya! Mama akafumba macho, na Doris nusura alie kwa furaha.

Furaha haikudumu. Midomo ya mama ilianza kugeuka rangi, kifua kikapanda na kushuka mbiombio. Taa nyekundu iliwaka kwenye mashine, bila sauti. Akisema, atafukuzwa. Asiposema, je?

"Sista! Njoo! Mimi ndiye niliyezima mlio!"

Sista Eliona, mmoja wa wauguzi, alikuja mbio. Mpira wa oksijeni ulikuwa umechomoka. Aliurudisha, akasimama pale mpaka pumzi za mama zikatulia. Baba alipoingia, alimkuta binti yake sakafuni, analia.

"Nilitaka alale tu, Baba."

Sista hakumfokea. Alimwinua. "Ni kweli, kelele hizi zinamtesa. Sisi tumezizoea mpaka hatuzisikii, na hilo ni kosa letu."

Jioni hiyohiyo alibadilisha kibano cha kupimia oksijeni kilicholegea kidoleni mwa mama, kilichokuwa kikiiliza mashine bure. Akapunguza sauti, akaipanga ilie pale tu mama atakapokuwa hatarini. Wenzake wakafanya hivyo kwa vitanda vingine. Hatimaye mama akalala usingizi mzito.

"Sasa nisikilize, Doris," Sista alisema akiwasindikiza mlangoni. "Kinachokukera humu tuambie, usikiguse. Leo kidole chako nusura kimuue mama, na ulimi wako ndio uliomwokoa. Ukikosea, mwanangu, sema upesi."